Dobi Hakusafiri

Jumatano ilikuwa siku ya mashuka. Nyumba ya wageni iliyo nyuma ya posta ilileta mashuka yake meupe kila Jumanne jioni, na Jumatano asubuhi Dobi na mkewe waliyafua. Mke aliloweka na kusugua. Mume alikamua, akaanika, kisha akapiga pasi. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka kumi na minne. Hakuna aliyewahi kumsikia mmoja akimwelekeza mwenzake. Kazi ilikwenda yenyewe.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana. Mbele palikuwa na meza ya pasi. Juu yake waya ulipita kutoka ukuta hadi ukuta, umejaa nguo za wateja. Kila nguo ilikuwa na kikaratasi kilichoshikizwa kwa pini. Kikaratasi kilisema nguo ni ya nani, imeletwa lini, na ina kasoro gani. Dobi aliviandika mwenyewe, kwa mwandiko wa polepole.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Dobi, hakuacha kumtania.

"Hizo barua za mapenzi unawaandikia mashati?"

"Namwandikia mwenye shati," Dobi alijibu. "Akija kusema nimepoteza kifungo chake, namwonyesha. Lilikuja halina kifungo."

"Na hii suruali ya kijivu umeiandikia nini? Insha?"

Suruali hiyo ilikuwa ya Mpaka Rangi, kijana anayepaka magari rangi kwenye gereji ya mtaa wa pili. Alikuwa akiitaka kwa harusi ya dada yake. Zipu yake ilikuwa mbovu, na Dobi alikuwa hajapata zipu ya kufanana nayo. Kijana alipiga simu kila siku. Siku nyingine alipiga mara mbili. Mwisho Dobi alikuwa akiipokea simu kwa kusema, "Bado," kisha anakata.

Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, Mama Dobi alikuwa uani anasuuza. Alisikia sauti za wanaume dukani. Hazikuwa sauti za wateja.

"Kwa nini Mpaka Rangi amekupigia mara tisa wiki moja?"

"Ni suruali," alimsikia mumewe akisema.

Kuna aliyecheka. Halafu meza ikasukumwa.

Mama Dobi alikimbia ndani na povu mikononi. Wanaume wanne walikuwa wamesimama juu ya mashuka yaliyopigwa pasi tayari, na viatu vyao vina matope. Hawakuvaa sare. Hawakutaja majina wala kuonyesha karatasi. Wawili walikuwa wamemshika Dobi mikono.

"Jamani, kuna nini?"

"Maswali machache tu, mama. Atarudi."

Dobi alimtazama mkewe. Hakusema ninakwenda, wala usiogope. Alisema, "Pasi. Chomoa pasi."

Kweli, pasi ilikuwa imelala juu ya shuka na moshi umeanza kupanda. Mama Dobi aligeuka akachomoa waya. Alipogeuka tena, duka lilikuwa tupu. Gari liliondoka. Mlangoni ilibaki ndala moja ya mumewe. Ya pili alikuwa ameondoka nayo mguuni.

*

Mama mzazi wa Dobi, ambaye wote nyumbani walimwita Bibi, alikuja mbio kutoka chumba cha nyuma. Aliangalia sakafu, akaangalia ndala, akajua.

"Kuna jirani aliyeona?"

"Sijui, mama."

"Funga mlango."

Miezi miwili kabla ya hapo, bomu lilikuwa limelipuka kwenye stendi ya mabasi. Watu kumi na mmoja walikufa. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyewauzia sabuni kwa miaka yote. Tangu siku hiyo washukiwa walikuwa wakikamatwa, neno gaidi lilitajwa kwa kunong'ona, na aliyeshukiwa alikimbiwa kama mwenye tauni. Bibi alilijua hilo.

"Wakisikia mwanangu amechukuliwa kwa mambo hayo, hatutaletewa hata kitambaa cha mkono hapa. Mjukuu wangu watamwita mtoto wa gaidi. Sikiliza, mkwe wangu. Dobi amesafiri. Amekwenda kumuuguza mjomba wake. Basi."

"Na akirudi kesho?"

"Akirudi kesho, mjomba amepona."

Mama Dobi alikubali. Akafanya jambo ambalo mke wa dobi yeyote angelifanya. Aliyaokota mashuka yenye alama za viatu, akayaloweka, akayasugua mpaka yakawa meupe. Shuka lililoungua alilitia kiraka. Meza aliirudisha mahali pake. Sakafu aliipiga deki. Ilipofika saa tisa alasiri, duka lilikuwa safi kabisa, kama vile hapakuwahi kuingia mtu.

"Na ile suruali," Bibi alisema. "Ndiyo iliyotuponza. Itie moto."

Mama Dobi aliitoa kwenye waya. Aliishika kwa muda. Kisha akairudisha.

"Nguo ya mteja haichomwi, mama."

"Mteja mwenyewe gaidi!"

"Hilo silijui. Ninalojua ni kwamba zipu yake ni mbovu."

Binti yao alirudi kutoka shuleni jioni. Alikuwa wa miaka kumi na sita, na waliomzoea walimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Walimweleza yote. Walimwambia na la mjomba. Tangu saa hiyo Kasuku alinyamaza. Hilo lilimtisha mama yake kuliko yote.

*

Kesho ilipita. Kesho kutwa ikapita. Wateja walikuja na kuuliza, na Mama Dobi aliwajibu huku anakunja nguo.

"Amesafiri. Mjomba wake mgonjwa."

"Poleni. Msalimie sana."

"Zimefika."

Siku ya tatu alijifunika mtandio akaenda kituo cha polisi. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba dawa ya ugonjwa wa aibu. Askari wa kaunta hakufungua hata daftari.

"Hayupo hapa."

Alikwenda kituo cha pili. Hayupo. Siku ya tisa alikwenda makao makuu ya wilaya. Huko alimkuta ofisa mwenye kalamu mbili mfukoni, mpole, mwenye kutabasamu.

"Mama, tumeuliza mtaani kwako," ofisa alisema. "Wote wanasema mumeo amesafiri. Mmoja ametuambia amekwenda kumuuguza mjomba. Sasa wewe unamtafuta polisi kwa nini? Labda ana mke mwingine huko."

Mama Dobi aliinuka. Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe, ameyatunga na mama mkwe wake, na sasa alikuwa akirudishiwa yakiwa yamepigwa pasi vizuri.

Alirudi nyumbani kwa miguu.

*

Jirani wa mkono wa kushoto alikuwa mama mwenye duka la kutoa nakala na kuchapa barua. Alikuwa amefanya kazi masjala ya mahakama miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu. Kila kesi iliyoingia ilipita mikononi mwake kugongwa mhuri. Ndiyo maana walimwita Mama Mhuri. Alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na hakuogopa mtu mwenye tai.

Siku hiyohiyo ya tisa Kasuku alikwenda kwake kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mama Mhuri alitazama cheti.

"Baba yako hajambo huko?"

Kasuku alianza kulia. Alilia mpaka mashine ikatoa nakala kumi na mbili badala ya moja. Katika kulia kwake alisema kila kitu alichokizuia siku tisa.

Mama Dobi alikuwa hajavua hata mtandio wake, Mama Mhuri alipoingia dukani. Alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

"Mdogo wangu, kumbe tunaishi ukuta kwa ukuta na mimi ni mgeni wako."

Mama Dobi alimtazama binti yake mlangoni. Bibi akatoka chumba cha nyuma.

"Huyu mtoto mdomo wake..."

"Mdomo wake ndio utakaomrudisha mwanao, Bibi," Mama Mhuri alisema. "Kaa na wewe. Nataka kuuliza. Walikuja siku gani, saa ngapi?"

"Jumatano. Saa nne."

"Wangapi?"

"Wanne."

"Walionyesha hati? Walitaja kituo? Walisema amekosa nini?"

"Hapana. Hapana. Walisema maswali machache."

Mama Mhuri alikuwa akiandika. "Waliacha alama yoyote humu? Walivunja kitu?"

"Waliacha nyayo za viatu kwenye mashuka."

"Safi. Yako wapi mashuka?"

Mama Dobi aliinamisha kichwa. "Nimeyafua."

Mama Mhuri aliacha kuandika. Alivua miwani. "Umeyafua."

"Na kuyapiga pasi. Nimeyapeleka."

"Mdogo wangu, ushahidi umeutia sabuni."

Ilikuwa mara ya kwanza katika siku tisa kwa mtu kucheka ndani ya chumba kile. Alicheka Kasuku, halafu Mama Dobi mwenyewe akacheka, na machozi yakimtoka. Bibi peke yake hakucheka.

"Lakini hao wanatafuta magaidi," Bibi alisema. "Si kazi yao? Muuza sabuni wetu ameuawa na watu hao. Serikali ina siri zake. Sisi ni nani wa kuiuliza?"

"Bibi, nami nilimjua muuza sabuni. Nataka waliomuua washikwe leo kabla ya kesho," Mama Mhuri alisema. "Polisi wana haki ya kukamata. Wana haki ya kuhoji. Wana haki hata ya kuficha jinsi wanavyofuatilia watu wabaya. Lakini mtu akishakamatwa, kuna mambo wanadaiwa. Aambiwe anashikwa kwa kosa gani. Ndugu zake wajue yuko wapi. Aone wakili. Asipigwe. Na afikishwe mbele ya hakimu ndani ya muda uliowekwa. Nchi moja ni saa ishirini na nne, nyingine arobaini na nane, na kwa kesi za ugaidi wengine wameongeza siku. Lakini miaka ishirini na miwili nimegonga mhuri, sijaona karatasi ya sheria iliyosema, mchukue mtu, kisha sema humjui."

"Wanasema hawanaye," Mama Dobi alisema. "Wanasema amesafiri. Mtaa mzima unasema amesafiri."

"Kwa sababu nani amewaambia?"

Mama Dobi alimtazama Bibi.

"Si lawama," Mama Mhuri alisema, safari hii kwa upole. "Hofu hufanya hivyo. Lakini tazama. Wao wamefunga mlango kwa nje, nanyi mkafunga kwa ndani. Katikati yuko Dobi. Mlango wa nje mahakama itaufungua. Wa ndani mtaufungua wenyewe."

"Tufanyeje?"

"Kwanza mwambieni mtu mmoja ukweli. Anayeuona mlango wenu kutwa."

Alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Pale alikaa fundi viatu, mtu wa maneno machache, kwa sababu muda wote alikuwa na misumari midogo katikati ya midomo. Watu walimwita Msumari.

*

Mama Dobi alivuka barabara. Msumari alikuwa akigonga kisigino. Alipomwona, aliitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaiweka kwenye kifuniko cha kopo.

"Shemeji, karibu."

"Shemeji, nilikuambia uongo. Mume wangu hakusafiri."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa nimekaa hapahapa. Nilimwona anaingizwa garini na ndala moja." Msumari alijifuta mikono kwa aproni yake. "Saa ile ile nilitaka kuja. Jioni nikakusikia unamwambia muuza mkaa kwamba amesafiri. Nikasema, basi, ni siri ya nyumba. Siwezi kuwa mimi wa kuitoa."

Mama Dobi aliketi kwenye kigoda cha wateja.

Msumari alivuta kopo la vipande vya ngozi. Alipekua mpaka chini, akatoa kipande cheusi cha ukubwa wa kiganja. Kwa nyuma kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu: namba ya gari, rangi yake, na saa.

"Nilikuwa sina karatasi," alisema, kama anayeomba radhi.

*

Asubuhi iliyofuata walikwenda wanne kwenye ofisi ya msaada wa sheria: Mama Dobi, Mama Mhuri, Msumari na kipande chake cha ngozi, na Bibi. Bibi alikuwa amesema haendi. Kisha wakamkuta mlangoni, amevaa viatu.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi. Wakili alikuwa mwanamume mwembamba mwenye mafua. Aliwasikiliza bila kuwakatiza, ila kwa kupenga kamasi.

"Hamlipi kitu hapa," alisema. "Ofisi nyingi kama hii ziko hivyo, ila watu hawajui. Sasa nitawaeleza tunachofanya. Mama Dobi atatoa kiapo, yaani ataandika aliyoyaona na kuapa kuwa ni kweli. Fundi naye hivyo hivyo. Kisha naiomba mahakama itoe amri. Amri yenyewe ni nyepesi kuelewa. Inamwambia aliyemshika mtu: mlete hapa, tumwone kwa macho, na utueleze kwa nini umemshika."

"Wakikataa kwamba wanaye?" Mama Dobi aliuliza.

"Watajibu mbele ya jaji, kwa kiapo. Kumwambia mke kaunta kuwa hayupo ni rahisi. Kumwambia jaji ni jambo jingine. Namba ya gari tunayo. Na barua tutaipeleka tume ya haki za binadamu. Hao wana ruhusa ya kwenda kukagua mahali watu wanaposhikiliwa."

"Kesi itachukua miezi?" Bibi aliuliza.

"Mtu akiwa hajulikani alipo, mahakama haisubiri miezi, Bibi. Nitaomba isikilizwe kesho."

Mama Dobi alikuwa na swali moja zaidi. "Kuna suruali," alisema.

Wakili alisikiliza habari za suruali. Aliacha kupenga kamasi.

"Mmeichoma?" aliuliza polepole.

Bibi alitazama dirishani.

"Ipo kwenye waya," Mama Dobi alisema. "Na kikaratasi chake."

*

Chumba cha mahakama kilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kulia kama mlango mkavu. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo. Upande wa pili alisimama wakili wa serikali, na nyuma yake alikaa yule ofisa mwenye kalamu mbili.

"Mheshimiwa Jaji," wakili wa serikali alisema, "jambo hili linahusu usalama wa taifa. Siwezi kuthibitisha wala kukana kwamba mtu huyu anashikiliwa. Taarifa hizo ni siri."

Jaji aligeuza kile kipande cha ngozi mkononi. Aliinua macho.

"Gari lenye namba hii ni la nani?"

Wakili wa serikali aligeuka. Ofisa alimnong'oneza.

"Ni la idara, Mheshimiwa."

"Sikuulizi mnamfuatilia nani," Jaji alisema. "Sikuulizi habari zenu mnapewa na nani. Hizo zinaweza kuwa siri za kazi, na nyingine zinalinda maisha ya watu. Nauliza jambo moja. Huyu dobi yuko wapi?"

Feni ililia.

"Kazi inaweza kuwa na siri. Mtu hawezi kuwa siri. Ana mke, ana mama, nawaona wamekaa pale. Mleteni hapa kesho saa tatu asubuhi. Aliyemshika aje naye, na maelezo yake yawe kwa maandishi. Asipoletwa, nitajua ni nani wa kumuuliza."

Ofisa alikuwa ameacha kutabasamu.

Nje, Mama Dobi alikaa kwenye ngazi. "Watamleta kweli?" aliuliza.

"Amri ina mhuri," Mama Mhuri alisema. "Nimeuona. Umegongwa vibaya, umepinda, lakini upo."

*

Siku iliyofuata Mama Dobi alibeba mfuko. Ndani yake alitia shati alilolipiga pasi mara mbili, suruali ya kijivu, na ndala moja.

Saa tatu na robo mlango wa pembeni ulifunguka. Dobi aliingia katikati ya askari wawili. Ndevu zimeota. Shati lilikuwa lilelile la Jumatano, limekunjamana kiasi ambacho yeye mwenyewe asingeruhusu mteja alivae. Alikuwa akipepesa macho kama mtu aliyetoka gizani, kumbe alikotoka hakukuzimwa taa hata siku moja. Mguu mmoja ulikuwa na ndala. Wa pili ulikuwa wazi.

Alitazama watu mpaka akamwona mkewe. Halafu akauliza, na chumba kizima kikasikia.

"Pasi ulichomoa?"

"Nilichomoa," Mama Dobi alisema.

Bibi alijifunika uso kwa kanga yake.

Wakili mwenye mafua alisimama. Alimwonyesha Jaji suruali. Alimpa kikaratasi chake, na Jaji akakisoma kwa sauti. "Mpaka Rangi. Ya harusi ya dada. Zipu mbovu, inatafutwa ya kijivu. Mteja anapiga simu sana. Mvumilie."

Watu walicheka. Jaji hakucheka. Alimgeukia ofisa.

"Simu tisa ndizo zilizowafanya mmshike?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Alipohojiwa, aliwaambia ni za nini?"

"Alisema ni suruali. Hatukuthibitisha."

"Kutoka mlipomweka hadi dukani kwake ni mwendo gani?"

Ofisa alifikiri. "Nusu saa, Mheshimiwa. Kukiwa na foleni."

"Nusu saa," Jaji alisema, akaandika. "Mmemfungia siku kumi na mbili kwa jambo la nusu saa. Angekuwa na wakili siku ya kwanza, suruali hii ingekuwa mezani kwenu siku ya kwanza. Na nyinyi mngetumia siku kumi na moja zilizobaki kumtafuta aliyelipua stendi."

Aliuliza kama kuna shitaka lolote dhidi ya Dobi. Halikuwepo. Akaamuru aachiwe palepale. Aliamuru apelekwe kwa daktari, na majibu ya daktari yaletwe mahakamani. Aliamuru pia idara ieleze kwa maandishi kwa nini jina la Dobi halikuandikwa kwenye daftari la mahabusu, kwa sababu aliyeshikwa lazima aandikwe, tangu saa ya kwanza.

Mama Dobi alipiga magoti akamvalisha mumewe ndala ya pili. Alipoinuka, alimnyooshea kola.

*

Dobi alilala siku mbili. Alipoamka alizungumza kidogo kidogo. Alikuwa amefungwa kitambaa machoni wakati wa kupelekwa na wakati wa kurudishwa. Alisimamishwa ukutani saa nyingi. Alinyimwa usingizi. Mgongo ulikuwa ukimuuma, na daktari aliandika yote hayo.

"Lakini lililoniuma zaidi si mgongo," alimwambia mkewe, wakiwa wameshika shuka huku na huku wakilikunja. "Waliniambia hakuna anayenitafuta. Wakasema, mkeo anasema umesafiri, umekwenda kwa mjomba."

Mama Dobi alisimama na ncha zake mbili za shuka.

"Nilisema hivyo. Nisamehe."

"Nilijua ni mama," Dobi alisema. "Mjomba gani? Mjomba wangu wa mwisho alikufa mimi nikiwa darasa la tatu."

Kutoka chumba cha nyuma Bibi alikohoa. "Nakusikia," alisema.

Tangu wiki hiyo mtaa ulijua ukweli. Bibi alikuwa ameogopa kwamba wateja watakimbia. Wawili walikimbia kweli. Wengine walileta nguo ambazo hata hazikuwa chafu, wakakaa kuuliza: akikamatwa mtu, unaanzia wapi? Unaandika nini? Mama Mhuri aliandika majibu kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani kwake, na nakala akazitoa bure. Kasuku alikuwa akiisoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Mdomo wake ulikuwa umerudi.

*

Mwezi ulikuwa unaisha, mchana mmoja wa Jumatano, mwanamke mgeni aliposimama mlangoni. Alikuwa amejifunika mtandio na aliongea kwa sauti ya chini.

"Nimekuja kuchukua suruali ya mwanangu. Ya kijivu. Yeye ni mpaka rangi."

Bibi alimkonyeza mkwe wake. Alimvuta kando akamnong'oneza. "Mpe aende. Mwanawe ndiye aliyetuponza. Tusijitafutie mengine."

Mama Dobi alishusha suruali kwenye waya. Mahakama ilikuwa imeirudisha, na Dobi alikuwa ametia zipu mpya.

"Imekuwa tayari," alisema. "Mbona hakuja mwenyewe? Simu zake tulizizoea."

Mwanamke aliipokea. Aliishika kwa mikono miwili, akatazama chini.

"Amesafiri," alisema.

Dobi alisimamisha pasi, akachomoa waya wake bila kuambiwa na mtu. Alivuta kiti akakiweka nyuma ya yule mgeni.

"Kama amekosa, jaji atamwambia," Dobi alimwambia mama yake taratibu. "Lakini aonekane kwanza."

Bibi alikitikisa kiti kuona kama kina miguu imara, akamshika mgeni bega akamkalisha.

"Kasuku," Mama Dobi aliita, "kamwambie Mama Mhuri aje na kalamu."

Halafu aliketi mbele ya yule mwanamke, karibu kabisa, magoti yakigusana.

"Dada yangu," alimuuliza, "amesafiri, au amechukuliwa?"